Mishale ya Sufu

Siku ya tatu mfululizo mke wa Spana alirudi nyumbani na vipande vya sufu nyekundu vimemganda kwenye sketi. Spana alikuwa amekaa mlangoni, buti kazivua, miguu kaitumbukiza kwenye beseni. Aliviona vile vipande kabla hajauona uso wa mkewe.

"Mmechelewa leo," alisema.

Hakusema "umechelewa". Alisema "mmechelewa", na mkewe akaisikia ile "m" ikimpita sikioni kama mbu.

"Nimechelewa," akamsahihisha huku akivua viatu. "Tulikuwa hatujamaliza upande wa mabomba."

"Tulikuwa. Wewe na nani?"

"Na wenzangu, mume wangu. Tuko wanane mle chumbani. Unawajua wote."

Kweli aliwajua wote. Alijua pia kwamba ikifika saa kumi, sita kati yao hufunga mikoba wakaenda zao, na wanaobaki ni wawili. Aliambiwa na mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti hakuwa amemwambia kwa ubaya. Alikuwa anaomba kiberiti tu, maneno yakatoka. Spana aliukausha mguu mmoja, akausahau wa pili majini.

Mume na mke walikuwa waajiriwa wa idara moja, idara ya maji ya mji. Mume alikuwa msimamizi wa mafundi wa mabomba kwa miaka kumi na tisa, na jina la Spana lilimpata kwa sababu spana yake ilining'inia kiunoni hata kwenye harusi za watu. Mkewe alikaa kwenye dawati la malalamiko, nyuma ya dirisha lenye tundu dogo, akipokea simu na matusi tangu asubuhi. Mitaa ya juu ilikuwa ikipata maji siku tatu kwa wiki, zikawa mbili, ikawa moja, mwisho mabomba yao yakawa yanatoa upepo. Meneja, aliyechoka kuzomewa kila alikokwenda, akamleta mtaalamu achunguze tatizo linaanzia wapi.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miwani yake imeungwa mguu kwa gundi. Hakuomba mafaili. Alisema namba za idara zimesemwa sana na hazielewani, yeye anataka kujua kitu gani kinasababisha kitu gani, na kwa nguvu ya kiasi gani: sana, kiasi, au kidogo. Alibandika karatasi ya kaki ukuta mzima, akawapa watu kadi waandike, kisha akawa anaunganisha kadi kwa kadi kwa uzi wa sufu. Uzi mmoja ni kidogo, mbili ni kiasi, tatu ni sana. Haikupita siku moja wafanyakazi wakambatiza Bwana Mishale.

Sufu alitoka nayo mke wa Spana nyumbani, kwenye kikapu chake cha kufumia. Hilo nalo Spana aliliona, na likamkaa rohoni.

*

Siku ya nne alijitafutia sababu. Alichukua valvu mbovu mkononi, akapita nayo kwenye korido kama mtu anayepeleka ushahidi, akasimama kwenye mlango wa chumba cha mikutano.

Mkewe alikuwa mbele ya ukuta, mgongo kwake. Bwana Mishale alikaa juu ya meza kama mwanafunzi, mikono magotini, anasikiliza.

"Hapana, hii haiendi mbele ikaisha," mkewe alikuwa akisema, kidole kikifuata uzi. "Angalia. Bomba likivuja, presha inashuka. Presha ikishuka, mtaa wa juu hawapati kitu. Wasipopata, wanalifuata bomba kubwa lilipo, wanalitoboa, wanajiunganishia wenyewe. Wakitoboa, linavuja. Simu zinanijia mimi mia kwa siku. Mimi nawapigia mafundi, mafundi wanakimbizwa huku na huku, wanaziba kwa kipande cha mpira na kukimbilia kwingine. Mpira haukai wiki. Bomba linavuja. Tumerudi palepale."

"Kwa hiyo ni nini?" aliuliza Bwana Mishale.

"Ni duara. Linajizungusha lenyewe. Na kila likizunguka linazidi kukolea, kama moto unaojipepea."

Bwana Mishale hakujibu upesi. Alingoja. Mke wa Spana akafikiri, akachukua nyuzi tatu, akazifunga kutoka kadi iliyoandikwa KUZIBA KWA HARAKA hadi kadi iliyoandikwa BOMBA LINAVUJA. Akarudi nyuma hatua mbili autazame ukuta, kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyeokota kitu alichokipoteza zamani.

Spana hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda ambao hakuweza kuukadiria. Valvu ikamwia nzito mkononi.

"Spana!" Mpokeaji wageni alikuwa akipita nyuma yake na trei ya vikombe. "Umemsikia shemeji? Anamfundisha mtaalamu kazi! Tutamwita profesa sasa hivi."

Wote wawili mle ndani wakageuka. Mkewe alitabasamu, akamwita kwa mkono. "Njoo uone."

Alichokiona ni kadi. KUZIBA KWA HARAKA. Nyuzi tatu. Nani anayeziba mabomba katika mji huu? Hata paka anajua. Mkewe wa ndoa alikuwa amemtundika ukutani, nyuzi tatu, mbele ya mwanamume mwenye miwani ya gundi, kisha akacheka.

"Nina kazi," alisema, akaondoka na valvu yake.

*

Jioni ile chakula kiliandaliwa, hakuna aliyekisifu. Binti yao, msichana wa miaka kumi na sita mwenye masikio makali na mdomo mfupi, aliinamia sahani yake.

"Umenianika," Spana alisema.

"Sikuandika jina lako popote."

"Jina la nini? Ungeandika spana tu, watu wangejua."

"Hebu nisikilize nikueleze." Mkewe aliweka kijiko chini. "Mna mafundi sita kwa mji mzima. Vifungio vya chuma mmeviomba mara ngapi, na mmeletewa vingapi? Mshale unaingia kwako kabla haujatoka kwako. Ndicho nilichokuwa nasema pale, ungekaa ungesikia."

Lilikuwa neno la kumtetea. Lakini mtu mwenye wivu husikia nusu ya neno, nayo ni ile nusu inayochoma. Spana alisikia "kwako" na "kwako".

"Na yeye alikaa akasikia," alisema. "Juu ya meza. Mtu mzima anakaa juu ya meza."

"Viti vimejaa kadi."

"Umeshamtolea na sababu."

Mkewe akachukua kijiko chake. Binti akaomba ruhusa ya kuondoka, na hakuna aliyempa wala aliyemnyima.

Tangu siku ile Spana akawa hana raha na hana kazi nyingine. Alipiga simu dawati la malalamiko akijifanya ana swali la bomba, ili asikie nani anaongea nyuma. Alipita dirishani mara sita kwa siku. Mkewe akienda kuoga, alikuwa akiichukua simu yake na kuipekua, asikute kitu, na kutokukuta kitu kukamuumiza zaidi, kwa kuwa aliamini ni ujanja. Alimwuliza mmeongea nini leo, na mkewe akimweleza, alikuwa akidakia katikati: "Na yeye akasema nini?" Basi mkewe akaanza kufupisha. Siku ya kwanza alieleza robo saa, ya pili maneno matano, ya tatu akasema "kazi tu". Spana akajiambia: ona, anaficha. Akaongeza kuchungulia. Mkewe akaongeza kunyamaza. Nyumba ikawa kama chumba chenye mgonjwa.

*

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, korido ilikuwa tupu. Spana alijua Bwana Mishale amesafiri asubuhi ile kumpeleka mama yake hospitali na hatarudi kabla ya Jumatano ya wiki ya pili. Habari hiyo nayo aliipata kwa mlinzi wa geti. Alijua pia kwamba Jumatatu wajumbe wa bodi watakaa kuujadili ule mchoro wa ukutani. Aliusukuma mlango wa chumba cha mikutano. Haukuwa umefungwa.

Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai, vya jana, mashapo yamekaukia ndani. Vilikaa karibu karibu, mishikio yake imetazamana. Angeviona mtu mwingine angeona uvivu wa mfagiaji. Spana alivitazama mpaka damu ikampanda.

Ukutani, mbali na lile duara kubwa, palikuwa na kadi moja ya pembeni: WASOMA MITA WANAPEWA CHOCHOTE. Kutoka hapo uzi mmoja mwembamba ulikwenda hadi MAUNGANISHO YA WIZI. Uzi mmoja, yaani kidogo. Wasoma mita walikuwa watatu, na waliojadili walikubaliana kwamba ni rushwa ndogo ya hapa na pale.

Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko alivyotarajia. Alifungua nyuzi mbili kutoka KUZIBA KWA HARAKA, akauacha mmoja. Zile mbili akazihamishia kwa wasoma mita, akazikaza. Ilimchukua muda wa kuvuta sigara moja. Alijiambia kwamba hafanyi ubaya, anasawazisha tu. Mtaalamu ataonekana mpumbavu, atafungasha miwani yake, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Chini ya karatasi palikuwa pameandikwa kwa mwandiko safi wa mkewe: Umesimamiwa na Dawati la Malalamiko. Hapo hakupatazama sana.

Alasiri hiyohiyo karani wa meneja akaja na simu yake, akaupiga ukuta picha, akaituma kwa wajumbe wote.

*

Bodi haikukaa sana Jumatatu. Kabla ya saa sita barua tatu zilikuwa zimechapwa. Wasoma mita wote watatu walisimamishwa kazi bila mshahara kupisha uchunguzi. Mmoja wao alikuwa mjane wa makamo aitwaye Bibi Mita, aliyekula chakula cha mchana na mke wa Spana, benchi moja, kwa miaka tisa.

Alikuja nyumbani kwao saa kumi na moja, na sare yake mwilini kama vile hajaamini. Hakukubali kukaa.

"Dada," alisema, "nyuzi tatu?"

"Nyuzi gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimeonyeshwa picha. Sisi tunapewa chochote, nyuzi tatu. Mabomba yote haya yanayotobolewa, sisi. Na jina la dawati lako liko chini."

"Ule ulikuwa uzi mmoja! Nilibishana nao wasiuweke hata huo."

"Basi mmoja umezaa." Bibi Mita alicheka bila furaha. "Nimetembea mitaa ya juu nikiwa na homa. Nimefukuzwa na mbwa, nimetukanwa na watu wasio na maji wakinilipisha mimi hasira zao. Soda nimepewa, sikatai. Soda! Wewe unajua, kwa sababu mara nyingine nilikuletea nusu."

Spana alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, shati moja mkononi na jingine mwilini. Alisikia kila neno. Alingoja mkewe aseme kitu cha kummaliza yule mama, lakini mkewe alikuwa akirudia tu, "Sikufunga mimi, dada yangu, sikufunga mimi," kwa sauti inayozidi kushuka, kama anayejiuliza mwenyewe.

Wiki ile mke wa Spana alionja mambo. Dukani, wake wa wale wasoma mita wawili walisimama kando kumpisha, kama mtu anayepisha gari la taka. Kazini benchi lake la chakula likawa lake peke yake. Mtu aliingiza kijikaratasi kwenye tundu la dirisha lake: MCHONGEZI. Binti yao alirudi kutoka shuleni jicho limevimba. Alimpiga mwanafunzi mwenzake, akapigwa, hakusema kwa nini.

Na saa kumi na robo kila siku mkewe alikuwa nyumbani. Hakuchelewa tena. Sketi yake haikuwa na sufu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono mapajani, akiangalia ukuta wa jirani. Spana alikuwa amekipata alichokitaka, chote, mpaka mwisho wake. Alimletea chai, yeye ambaye hakuwahi kujua majani yanakaa kopo gani.

"Asante," alisema mkewe, na chai ikapoa.

*

Jumanne ya wiki iliyofuata, baada ya kazi, mke alikwenda kuutazama ukuta mwenyewe. Aliporudi alimtuma binti dukani, akaketi mbele ya mumewe, akaweka mezani kipande cha sufu nyekundu chenye fundo katikati.

"Fundo hili hulifunga nani?"

"Fundo ni fundo."

"Mimi nikifunga sufu, napitisha kitanzi kimoja navuta. Hili limezungushwa mara mbili, ncha ikachomekwa chini. Hivi ndivyo unavyofunga katani ya kuzuia maji kwenye bomba. Nimekufulia ovaroli miaka kumi na saba, sijawahi kutoa kipande cha katani mfukoni ambacho hakikufungwa hivi."

Spana alitafuta hasira yake, ile iliyomchukua mpaka chumbani Ijumaa ile, asiione.

"Ulikuwa unacheka naye," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Nilisimama mlangoni nikakusikia. Kwangu huchekagi hivyo."

Mkewe hakuinua sauti. Ingekuwa afadhali angeinua.

"Ndiyo, nilicheka. Na unataka kujua kilichokuwepo baina yangu na mtu yule? Nitakwambia, ukakitafute kwenye simu yangu. Ananiuliza swali, kisha ananyamaza mpaka nimalize. Basi. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye lile dirisha, najua mji huu unaumwa wapi kuliko meneja, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hata wewe, ninayelala nawe kitanda kimoja. Wewe unaniuliza chumvi iko wapi."

"Mke wangu—"

"Kesho saa nne wananiita kujieleza. Sitamtaja mtu. Sikuolewa ili nikupeleke kwa meneja nimekushika sikio. Lakini sitasema nilifunga mimi." Alisimama. "Na Bibi Mita ana wanne wanaosoma. Sema uliwawazia ulipokuwa unakaza fundo. Sema tu, hata kwa uongo."

Spana akakiokota kile kipande cha sufu, akakigeuza mkononi. Mkewe akachukua mto wake na shuka moja, akahamia chumba cha binti.

*

Ofisi ya meneja ilikuwa na viti sita na watu tisa. Wasoma mita watatu walisimama ukutani. Bwana Mishale alikuwa amerudi asubuhi ile na vumbi la safari, daftari lake wazi magotini. Spana aliitwa kama msimamizi wa mafundi, akapewa kiti kizuri karibu na dirisha, na kiti kile kilimwasha.

"Daftari langu lina uzi mmoja," Bwana Mishale alisema. "Tulikubaliana watu wanane. Mchoro uliopigwa picha si wetu."

"Daftari linasema moja, ukuta unasema tatu," meneja alisema. "Ukuta hauna mikono. Nani alibaki na chumba ulipoondoka?"

Macho yakamgeukia mke wa Spana.

"Mama, chumba kilikuwa chini yako. Ulifunga wewe?"

"Hapana."

"Unamjua aliyefunga?"

Mke wa Spana aliangalia mikono yake. Kila mtu mle ndani aliona kwamba anajua, na kila mtu aliona kwamba hatasema. Bibi Mita akatoa sauti ndogo ya dharau puani.

"Basi sina njia," meneja alisema, akivuta karatasi. "Mtu asiyeweza kulinda chumba kimoja hawezi kulinda dawati. Utahamishiwa stoo, na—"

"Ni mimi."

Spana hakujua kwamba amesimama mpaka alipoiona meza iko chini yake. Spana ya kiunoni iligonga ukingo wa kiti, ngwa, kama kengele ya shule.

"Wewe nini?"

"Nilifungua zile nyuzi mimi. Ijumaa ile kabla ya bodi, mchana. Za mafundi nikazihamishia kwa wasoma mita. Yeye hakujua. Amejua jana."

Meneja alivua miwani. "Ili mafundi wako wasilaumiwe."

Mlango ulikuwa huo, wazi kabisa. Angeweza kuupita akatoka na heshima kidogo: kiongozi aliyewakinga vijana wake. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa bado anaangalia mikono yake.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa na wivu."

"Na nini?"

"Na mke wangu. Na huyu bwana. Nilitaka aonekane mjinga aondoke."

Mtu mmoja ukutani alicheka, kicheko akakigeuza kikohozi. Masikio ya Bwana Mishale yaliwiva. Bibi Mita alisogea hatua moja mbele, akasimama karibu kiasi kwamba Spana aliona uzi uliofumuka kwenye kola ya sare ya mama huyo.

"Watoto wangu wamerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kwa sababu ya wivu wako?" aliuliza, polepole. "Mimi hata huyo bwana sijui anaitwa nani. Nilihusika wapi?"

Spana alitafuta neno kubwa, akapata dogo. "Ulikuwa karibu na mkono wangu, mama. Basi. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishapata nafasi," alisema Bibi Mita.

*

Wasoma mita walirudi kazini Alhamisi, mishahara yao ikahesabiwa kana kwamba hawakuondoka. Spana akavuliwa usimamizi. Alipewa sululu na ovaroli isiyo na alama begani, akawekwa chini ya kijana ambaye Spana mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana yule aliona aibu hata kumwamuru. Alikuwa akisema, "Mzee, kama ungependa, tungechimba hapa," na Spana akichimba huku watu wa mtaa wakimwuliza kwa sauti ya huruma bandia kama siku hizi mabosi nao huchimba.

Nyumbani maneno yalipitia kwa binti. "Baba, mama anasema chai iko tayari." "Mama, baba anasema asante." Siku moja binti alichoka, akaweka birika mezani kwa kishindo. "Mimi si bomba," alisema, akaenda zake. Wazazi wakatazamana, na kwa nusu dakika wakakaribia kucheka, lakini haikutimia.

Mchoro ulisahihishwa, bodi ikausoma upya. Safari hii waliambiwa kwamba duara hulivunji kwa kumfukuza mtu. Unatafuta mahali uzi ni mnene na unaweza kukatwa. Wakakubali kununua vifungio vya chuma na kuajiri mafundi wanne. Bwana Mishale akaaga, akapeana mikono na kila mtu, na alipofika kwa Spana akampa mkono vilevile, kwa sekunde zilezile. Spana angependelea kofi.

Kabla hajaondoka aliishauri idara iwe na mtu wa kuuangalia ule ukuta kila wiki, kuongeza nyuzi na kupunguza. Meneja hakufikiri mara mbili. Mke wa Spana akahamishwa kutoka kwenye dirisha lenye tundu, akapewa chumba chenye mlango, na kila Ijumaa alasiri mafundi wote walitakiwa kupita kwake mmoja mmoja, waeleze walichokiziba na jinsi walivyokiziba.

Ijumaa ya kwanza Spana alipanga foleni nyuma ya wanne, matope yamemkaukia hadi magotini. Angeweza kutangulia, wenzake walimsogezea nafasi, akakataa. Mbele yake fundi mmoja wa wale wapya, kijana mwenye shati safi na meno mazuri, aliingia akakaa mle ndani muda. Sauti zao zilitoka chini ya mlango. Mkewe alicheka kidogo. Spana aliuhisi ule mchomo wa zamani. Haukuwa umekufa, ulikuwa umelala tu. Akakaza meno, akakodolea macho kidirisha cha juu ya mlango mpaka kijana akatoka.

"Karibu, fundi. Keti."

Aliketi. Mkewe alikuwa na daftari jipya na kalamu mbili, na alimtazama kama alivyowatazama wengine wote. Hilo lilimuuma kuliko sululu.

"Wiki hii umeziba mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa haraka mangapi?"

Ulimi ulimwendea kwenye "mawili". Aliurudisha.

"Saba."

Mkewe akaandika saba. Hakutikisa kichwa, hakuguna. "Kwa nini saba?"

"Vifungio bado havi—" alianza, akakoma. Hiyo ilikuwa sababu ya kila mtu, na ilikuwa kweli, lakini haikutosha kuieleza ile saba. Alifuta matope kwenye goti kwa kucha. Alijua kwamba akinyamaza ataambiwa asante, aitwe anayefuata.

Hakuambiwa. Mkewe aliiweka kalamu chini, akangoja.

"Kwa sababu naona aibu," Spana alisema. "Nikiwa shimoni watu wanasimama juu wananitazama. Nataka kutoka. Nachukua mpira nafunga, natoka. Sikuwa nimelijua hilo mpaka sasa hivi nilipolisema."

"Na zamani? Kabla ya shimo?"

"Zamani..." Akavuta pumzi. Zamani ilikuwa habari ndefu. Ilikuwa na bomba la kwanza alilolifunga vibaya na msimamizi aliyemsifu kwa wepesi, ilikuwa na mji uliompenda kwa mbio zake, na mengine ambayo hakuwahi kumweleza mtu, hata mwanamke huyu. Akaanza. Mkewe hakumkatiza.

Nje foleni ilinung'unika. Mtu akagonga mlango. "Spana, unatoa ripoti au unasimulia maisha? Wengine tuna watoto!"

"Ngojeni," alisema mkewe bila kuugeukia mlango. Akasogeza kiti chake mbele kidogo. "Endelea."